Mwanangu anauliza Father Christmas katoka wapi

Mama mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka minane alimwona Father Christmas kwenye duka kubwa, akaniuliza yule babu katoka wapi, na mbona kavaa koti zito na joto lote hili la Desemba. Nikakwama. Shemeji yangu anasema alibuniwa na Coca-Cola. Mchungaji wetu anasema ni mungu wa kipagani wa Ulaya aliyevishwa nguo za Krismasi. Mimi nilidhani ni mtakatifu. Nani yuko sahihi, na mtoto nimwambie nini?"

Marahaba, mama. Kati yenu watatu, wewe ndiye uliye karibu zaidi na ukweli. Shemeji amechelewa kama miaka 1,600. Mchungaji, kwa heshima zote, ameshika uzi ambao ukiuvuta unakatikia mkononi. Wote wawili nitawajibu, ila naomba tuanze na mtu mwenyewe, maana mtu alikuwepo.

Aliitwa Nikola, askofu wa Mira katika karne ya 4, enzi za Dola la Roma. Mira ilikuwa katika jimbo la Likia, kusini mwa nchi ambayo leo ni Uturuki. Leo mahali pale panaitwa Demre, mkoani Antalya, ufukweni mwa Bahari ya Mediterania. Ni nchi ya jua. Siku hizi wakulima wake wanajulikana kwa nyanya na machungwa. Kwa hiyo mpe mwanao hongera: swali lake la koti ni la haki kabisa. Mwenye habari hii hakuwa mtu wa theluji.

Nikola hakuacha kitabu wala barua, na wasifu wake kamili uliandikwa karne nyingi baada ya kufa kwake. Tena kulikuwa na Nikola mwingine huko huko Likia, abati (mkuu wa monasteri) wa Sioni wa karne ya 6, na waandishi wa baadaye walichanganya mambo ya huyu na ya yule. Lakini heshima yake ni ya zamani sana. Katika karne ya 6 Kaisari Justiniani alijenga kanisa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) lililobeba jina lake, na hekaya ya kale kuliko zote tulizonazo juu yake ilikuwa tayari inasimuliwa: askofu akawahi uwanja wa kunyongea, akaushika upanga wa mwuaji na kuwaokoa watu watatu waliohukumiwa kufa bila hatia. Kwa hiyo sifa yake ya kwanza ilikuwa ya mtetezi wa wanyonge mbele ya serikali. Zawadi zilifuata.

Na zawadi zilianzia kwenye kisa kimoja, ambacho nakuomba uwe nacho kichwani, kwa sababu kila kitu cha yule babu wa dukani kimechipuka hapo.

Palikuwa na mtu mjini aliyekuwa na mali ikamwishia, akabaki na mabinti watatu wa kuolewa na nyumba isiyo na kitu. Akafikia pabaya: akaamua kuwatoa mabinti wake wakauze miili yao. Nikola, kijana aliyerithi mali ya wazazi wake, akasikia. Hakwenda kugonga mlango. Alisubiri usiku uwe mzito, akafunga dhahabu katika kitambaa, akapita dirishani pa nyumba ile, akaitupa ndani, akaondoka. Asubuhi baba akaiona na kulia, na binti wa kwanza akaolewa. Nikola akarudi usiku mwingine, akafanya vile vile, na wa pili akaolewa. Sasa baba akaanza kukesha. Alitaka kumjua mtu huyu. Mara ya tatu dhahabu iliposhuka sakafuni na kulia, alitoka mbio gizani, akasikia nyayo, akamfukuza mtu yule mpaka akamshika, akamtambua, akaanguka miguuni pake. Nikola akamwinua na kumwapisha: maadamu ningali hai, usimwambie mtu.

Kila ninapokisimulia kisa hiki darasani kuna mkono unanyooshwa, na swali ni lile lile: "Mwalimu, baba wa binti anahangaikia fedha za nini, si yeye ndiye apokee mahari?" Ni swali zuri. Kwa Wagiriki na Warumi mali ilitembea upande wa pili. Binti alikwenda kwa mume na fungu kutoka kwa baba yake, na asiye na fungu hakupata mchumba wa heshima. Binti wa maskini alikuwa mzigo, na soko la watumwa au danguro havikuwa mbali na mlango wake. Usipolijua hilo unaona kisa cha tajiri mkarimu tu. Ukilijua, unaelewa kwamba kila fundo la dhahabu lililopita dirishani lilikuwa maisha ya msichana mmoja.

Angalia pia vitu vilivyomo: usiku, nyumba iliyolala, zawadi inayoingia bila mlango kufunguliwa, mtoaji asiyetaka kuonekana, na mwenye nyumba anayejaribu kukesha amwone. Watu wa baadaye waliongeza tu mapambo. Katika nchi za baridi, ambako madirisha hufungwa Desemba, dhahabu ilianza kupitia kwenye dohani, bomba la kutolea moshi juu ya paa. Mwingine akasema iliangukia kwenye soksi zilizoanikwa karibu na moto. Ndiyo asili ya ile soksi unayoiona kwenye kadi za Krismasi.

Wachoraji nao, ili watu wasiojua kusoma wamtambue, walimchora Nikola na tufe tatu za dhahabu, moja kwa kila binti. Kisha katika Ufaransa ya Zama za Kati kikatokea kisa kingine, cha kutisha: watoto watatu waliouawa na kutiwa kwenye pipa la maji ya chumvi kama nyama, na Nikola akawafufua. Kisa hicho hakina mizizi Likia, lakini ndicho kilichomfanya awe mlinzi wa watoto kote Ulaya magharibi.

Kwa mabaharia alikuwa mtakatifu wao tangu zamani. Bandari ya Mira, Andriake, ilipokea meli za ngano kutoka Aleksandria ya Misri, na ghala kubwa la nafaka lililojengwa wakati wa Kaisari Hadriani bado limesimama pale. Wanasimulia kwamba mwaka wa njaa Nikola aliwaomba manahodha washushe sehemu ya ngano ya serikali. Waliogopa, maana ilipimwa Aleksandria na ingepimwa tena Konstantinopoli. Akawaambia washushe tu, kosa ni lake. Walipofika, mizani haikupungua hata kibaba.

Mabaharia hao hao ndio waliomhamisha. Mwaka 1087, Waturuki walipokuwa wameenea Anatolia, yaani Uturuki ya leo, wanamaji wa Bari, kusini mwa Italia, walishuka Mira, wakavunja kaburi na kuondoka na mifupa yake. Waliingia kwao tarehe 9 Mei, na mpaka leo kila Mei watu wa Bari huibeba sanamu yake na kuitembeza baharini kwa mashua. Katika miaka ya 1950, kaburi la Bari lilipofunguliwa kwa ukarabati, mifupa ilipimwa, na fuvu likaonyesha mtu mzee aliyewahi kuvunjika pua. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford walipima umri wa kipande cha mfupa wa nyonga kinachosemekana ni chake, kikaonekana ni cha karne ya 4. Hilo halithibitishi jina la mwenye mfupa, lakini wakati unaafikiana.

Kutoka Bari sifa zake zilienea kaskazini. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, na Uholanzi usiku wa kuamkia siku hiyo ndio ukawa usiku wa watoto. Waholanzi walilifupisha jina, Sint Nikolaas ikawa Sinterklaas, na wanaye mpaka leo: mzee mwenye joho jekundu la kiaskofu, kofia ndefu, fimbo ya kichungaji na farasi mweupe anayetembea juu ya mapaa. Mtoto huweka kiatu chake karibu na moto, ndani yake karoti au nyasi za farasi. Asubuhi nyasi hazipo, kuna peremende, chungwa dogo, au herufi ya kwanza ya jina lake iliyotengenezwa kwa chokoleti.

Siwezi kuipita Uholanzi bila kusema jambo moja linalotuhusu sisi Waafrika. Mwaka 1850 mwalimu Jan Schenkman alitoa kitabu cha picha ambamo Sinterklaas anafika kwa meli ya mvuke kutoka Hispania, akiwa na mtumishi mweusi. Mtumishi huyo akaja kuitwa Zwarte Piet, na kwa vizazi vingi Wazungu walijipaka masizi usoni, midomo mekundu na nywele bandia za kipilipili, katika nchi iliyokuwa na watumwa Surinam mpaka 1863. Wananchi wenye asili ya Surinam, Karibi na Afrika walilalamika kwa miaka mingi, na wengine walikamatwa kwa kuandamana. Tangu 2019 mapokezi ya kitaifa yanayoonyeshwa kwenye televisheni yanatumia wasaidizi wenye madoa machache tu ya masizi ya dohani. Naona ni haki iliyochelewa. Nikola wa Mira hakuwa na mtumwa katika kisa chake; yeye ndiye aliyekuwa akizuia mabinti wa watu wasiuzwe.

Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16 nusura yamfute. Wafuasi wa Luther hawakutaka watoto wawaombe watakatifu, wakaisogeza zawadi kutoka 6 Desemba mpaka mkesha wa Krismasi, na mletaji akawa Mtoto Kristo, Christkind. Kwa mshangao, mtoto huyo baada ya muda akaja kuigizwa na msichana mwenye nywele za dhahabu na taji, kama anavyofungua soko la Krismasi la Nuremberg mpaka sasa. Katika milima ya Austria, Nikola alibaki lakini akaongozana na Krampus, dubwana lenye pembe, minyororo na fito, linalotisha watoto watukutu usiku wa tarehe 5. Italia zawadi huletwa na bibi kizee Befana usiku wa kuamkia 6 Januari, Hispania na Mamajusi watatu, na Ugiriki na Mtakatifu Basili siku ya Mwaka Mpya. Urusi ina Ded Moroz, Babu Baridi, ambaye serikali ya Kikomunisti ilimpiga marufuku kisha ikamrudisha katikati ya miaka ya 1930 kama babu wa Mwaka Mpya, bila Krismasi.

Sasa twende New York, maana huko ndiko askofu alikovuliwa kofia. Mji ule ulianzishwa na Waholanzi, na mwanzoni mwa karne ya 19 wasomi wake walipenda kukumbushia asili hiyo. Mwaka 1809 Washington Irving alitoa historia ya mzaha ya mji huo, na katika toleo lake la 1812 Nikola anapita juu ya vilele vya miti kwa gari, akivuta kiko. Mwaka 1810 John Pintard wa Chama cha Historia cha New York alichapisha picha ya Nikola, bado akiwa askofu kamili, kando yake soksi zimening'inia mekoni. Mwaka 1821 kikatoka kijitabu cha watoto ambamo "Santeclaus" anakuja mkesha wa Krismasi kwa gari la kuteleza juu ya theluji, likivutwa na mnyama mmoja wa nchi za baridi, wa jamii ya kulungu, mwenye pembe zenye matawi. Kisha tarehe 23 Desemba 1823 gazeti moja la mji wa Troy, jimboni New York, likachapisha shairi lisilo na jina la mwandishi. Sasa wanyama ni wanane, kila mmoja na jina lake, na mwenye zawadi ni mtu mfupi mnene, mashavu mekundu, tumbo linalotikisika akicheka, anayeshuka na kupanda kwa dohani. Clement Clarke Moore, profesa wa Biblia, alijitokeza baadaye kuwa ndiye aliyelitunga, ingawa familia ya Henry Livingston inadai ni la babu yao.

Shairi lilimpa umbo, na sura ikatoka kwa mchoraji. Thomas Nast alizaliwa Landau, Ujerumani, mwaka 1840, akahamia Marekani utotoni. Katika toleo la Januari 1863 la jarida la Harper's Weekly, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, alimchora Santa Claus amevaa nyota na mistari ya bendera, akiwagawia askari wa Kaskazini zawadi kambini. Aliendelea kumchora kwa zaidi ya miaka ishirini, akampa karakana, daftari la watoto wema na watukutu, na makao Ncha ya Kaskazini. Manyoya yalikuwemo tayari kwenye shairi, ila hapo ndipo koti lilipopata maana. Ukimweka mtu Ncha ya Kaskazini huna budi kumvalisha manyoya, na hilo ndilo jibu la mwanao.

Shemeji yako basi. Coca-Cola walianza kumtumia mchoraji Haddon Sundblom mwaka 1931, na picha zake ziliendelea mpaka 1964. Sundblom alikuwa fundi kweli. Alimtumia rafiki yake, mchuuzi mstaafu, awe kielelezo. Huyo alipofariki akajitazama mwenyewe kwenye kioo. Ndiyo maana yule mzee anaonekana kama mtu unayemjua, mwenye ngozi na mikunjo ya macho, wala si kibwengo. Picha zile zilisambaa dunia nzima na kuifuta michoro mingine mingi. Lakini wekundu aliukuta. Vitabu vya watoto vya Marekani vilikuwa vimeshamvalisha nyekundu katika karne ya 19, na kampuni nyingine ya vinywaji, White Rock, ilimtumia kutangazia maji yake mwaka 1915. Na kabla ya hao wote, joho la Sinterklaas lilikuwa jekundu.

Kwa mchungaji nitakuwa makini zaidi, maana nia yake ni njema na hoja yake imeenea. Wanaosema Santa ni Odini, mungu wa Waskandinavia wa kale, hutaja ndevu, kupita angani usiku wa baridi, na farasi wake Sleipnir mwenye miguu minane, ambayo eti ndiyo wale wanyama wanane. Husema pia kwamba watoto walimwekea farasi huyo nyasi kwenye viatu. Nimekwisha kukutajia tarehe, mama, kwa hiyo zipime mwenyewe. Mwaka 1821 mnyama alikuwa mmoja. Miaka miwili baadaye mshairi akawafanya wanane. Kama wanane wangekuwa kumbukumbu ya kale ya miguu ya Sleipnir, wangekuwepo tangu mwanzo. Na habari ya watoto na nyasi haimo katika mashairi wala masimulizi ya kale ya Waskandinavia tuliyonayo. Imo katika desturi ya Waholanzi, na pale ni ya farasi wa askofu.

Nitampa mchungaji haki yake kwenye jambo moja: zawadi za majira ya baridi zilikuwepo kabla ya Ukristo. Warumi katika sikukuu ya Saturnalia, iliyoanza tarehe 17 Desemba, walipeana mishumaa na vinyago vidogo vya udongo. Kupeana Desemba ni desturi ya kale kuliko Nikola. Mtu anayekuja usiku kwa siri na kuondoka bila kutajwa, huyo ni wake.

Limebaki jina. Sisi tunasema Father Christmas kwa sababu tulitawaliwa na Mwingereza, na jirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wanasema Père Noël kwa sababu waliwahi kutawaliwa na Wabelgiji. Father Christmas wa Waingereza, mwanzoni, hakuwa na habari na watoto. Alikuwa Krismasi yenyewe iliyopewa umbo la mtu, mzee wa ulaji, unywaji na ngoma. Ben Jonson alimpandisha jukwaani mwaka 1616, na Bunge la Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, lilipopiga marufuku sikukuu ya Krismasi mwaka 1647, waandishi waliokuwa upande wa mfalme walimfanya mzee huyo alalamike kwa niaba ya wananchi. Mara nyingi alichorwa na joho la kijani. Santa wa Marekani alivuka bahari katikati ya karne ya 19, wakaungana, na zawadi, soksi na dohani zikaingia chini ya jina la Kiingereza. Aliyefika Afrika Mashariki alikuwa tayari huyo mchanganyiko.

Mtoto umwambie nini? Miaka minane ni umri wa kuambiwa kweli. Mwambie kisa cha dirisha kwanza, kwa taratibu, kama unavyosimulia hadithi usiku. Ile sehemu ya danguro ifanye "baba alitaka kuwauza", inatosha kwa umri wake. Mwambie kwamba wa dukani ni mtu aliyevaa nguo za kazi kumwigiza mtu wa zamani sana. Ukipenda, usiku wa tarehe 5 Desemba mwache aweke kiatu chake mlangoni.

Kisha mwonyeshe picha mbili. Moja ni ya babu wa dukani, hiyo unayo. Nyingine ni ikoni, yaani picha takatifu, ya Mtakatifu Nikola kama wanavyoichora Waorthodoksi, ambao hata hapa jirani, Namungoona mjini Kampala, kanisa lao kuu lina jina lake. Kwenye ikoni amekonda, paji la uso pana lenye upara, ndevu fupi nyeupe, mkono mmoja ameshika Injili, mwingine umeinuliwa kubariki. Hana gunia. Mwulize mwanao atafute kinachofanana katika picha hizo mbili. Watoto niliowafanyia hivyo huanza na ndevu.